Mngurumo wa Kompyuta ya Belise

Mtu akiingia sebuleni kwa Thacienne, pale Nyamyumba, atadhani kila kitu ndani ya nyumba hiyo kinasikia baridi. Viti vimevaa vitambaa. Redio imevaa. Chupa ya chai imevaa. Meza ina kitambaa kikubwa, na juu yake kitambaa kidogo. Vyote amevifuma Thacienne mwenyewe kwa uzi wa sufu, akiwa amekaa ufukweni akingoja mitumbwi irudi na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani.

Thacienne huuza hizo sambaza. Mume wake, Viateur, hutengeneza injini za mitumbwi. Binti yao Belise bado anakaa nao, na kazi yake ni kupiga filamu za harusi. Siku ya harusi hubeba kamera. Siku zinazofuata hukaa sebuleni mbele ya kompyuta mpakato, ile inayokunjwa kama kitabu. Anakata picha hapa, anaunganisha pale, mpaka harusi ya kutwa nzima inageuka filamu ya kutazamika.

Kompyuta hiyo Belise aliinunua ikiwa imeshatumika. Siku ilipoingia nyumbani, Thacienne aliizunguka, akaitazama, akaona iko uchi.

"Kitu ya bei kama hii haiwezi kukaa hivi," alisema. "Watu watasema nini?"

Akaifumia vazi. Si kitambaa cha kutupia tu juu, hapana. Lilikuwa vazi kamili la sufu ya buluu, limeikumbatia mashini chini, ubavuni na nyuma, likaacha wazi kioo na herufi tu. Belise akifanya kazi, kompyuta inafanya kazi ikiwa imevaa. Majirani walikuja kuiona. Wawili waliomba wafundishwe kufuma.

Sasa, katika harusi zote ambazo Belise alipiga, moja ilikuwa na uzito wake. Ni harusi ya Akaliza. Mama yake Akaliza ni Nyirarukundo, ambaye huuza sambaza ubavuni mwa Thacienne. Lakini aliyemlea Akaliza hasa ni bibi yake, mukecuru mmoja mwenye maneno makali na moyo laini. Mukecuru huyo alianguka akavunjika mguu kabla ya harusi. Siku ambayo mjukuu wake alikuwa akiolewa, yeye alikuwa kitandani hospitalini, anatazama ukuta.

Thacienne alienda kumwona. Alimkuta akilia kimyakimya. Akamshika mkono.

"Mukecuru, wacha kulia. Belise yetu alipiga yote. Ukitoka hapa, harusi itakuja kwako nyumbani."

"Yote?"

"Yote. Mi nakupa neno langu."

Mukecuru aliruhusiwa kutoka hospitalini, mguu bado una plasta. Ikapangwa kwamba Jumapili baada ya misa watu wakusanyike kwa Nyirarukundo watazame harusi. Belise alikuwa amebakiza kazi ndogo tu.

Ijumaa jioni Thacienne alikuwa uani akichambua maharage. Akasikia sauti kutoka sebuleni. Kwanza ilivuma, vuuu. Halafu ikakwaruza, krrr, krrr. Alidhani kuna mtumbwi unapita karibu. Kisha akakumbuka kwamba ziwa haliko upande huo.

Alipoingia, alimkuta Belise amesimama mbali na kompyuta, kama mtu aliyeona nyoka.

"Mama, ilianza kulia juzi, kidogo kidogo. Leo iko nalia vibaya. Na iko moto."

Viateur naye aliingia, mikono ina grisi. Alisimama akasikiliza, kichwa amekiinamisha upande, kama daktari.

"Bon," akasema. "Hii mi naijua. Moteri ikilia hivi, imekosa mafuta."

"Papa, hii si moteri."

"Iko na kitu inazunguka ndani ao haiko?"

"Iko."

"Donc ni moteri."

Akatoka. Akarudi na bomba la sindano limejaa oili nyeusi, ile anayotilia injini za mitumbwi. Belise akajitupa mbele ya kompyuta na kuikumbatia.

"Papa, hapana. Harusi ya Akaliza iko mu hii mashini."

"Tone moja tu."

"Hata tone moja hapana. Haiko mahali pengine. Kadi za kamera nilizifuta nipate nafasi ya harusi ingine. Ikifa hii, harusi imekufa."

Kompyuta peke yake ndiyo iliyoendelea kusema, krrr, krrr. Thacienne alimwona akilini mukecuru amekaa mbele ya televisheni Jumapili, amevaa nguo yake ya misa, anangoja. Na yeye Thacienne amesimama mbele ya watu wote, mikono mitupu. Harusi haiwezi kurudiwa kwa ajili ya kamera.

"Zima," alimwambia Belise. "Zima sasa hivi, na mutu asiiguse. Papa Belise, peleka oili yako nje."

Viateur alitoka na bomba lake, akinung'unika kwamba injini zote za Nyamyumba zinamheshimu, isipokuwa ile ya nyumbani kwake.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumamosi ya umuganda. Maduka yamefungwa, moto, zile pikipiki za abiria, hazitembei, na kila nyumba imetoa mtu na jembe kwa kazi ya pamoja. Hakukuwa na njia ya kuipeleka kompyuta mjini. Thacienne alichukua jembe lake akaenda kuzibua mtaro pamoja na wengine, kichwa kimejaa mawazo.

Kwenye mtaro huohuo alikuwapo Dauda. Dauda ni jirani yao wa nyumba ya tatu kutoka barabarani. Alikulia Tanzania, na Kiswahili chake bado kinanukia huko. Ana kibanda Mahoko, anatengeneza simu na kompyuta. Thacienne alimjua kama mtu anayenunua sambaza na kuomba nyongeza. Siku zote alisahau kwamba ana kazi nyingine.

"Mama Belise, unachimba kama umekasirikia udongo," Dauda alimwambia.

Thacienne akaegemea jembe, akamweleza yote. Dauda hakucheka, hata aliposikia habari ya oili. Ila alikohoa kidogo.

"Mlizima?"

"Tulizima."

"Vizuri. Hapo mmefanya nusu ya kazi. Ilikuwa inaliaje?"

"Vuuu. Halafu krrr, krrr."

"Na tik, tik? Kama mtu anagonga meza kwa kucha?"

Thacienne alifikiri. "Sijue. Papa Belise alikuwa nasema sana."

Sasa Dauda akacheka. "Umuganda ukiisha nitapita nyumbani kuchukua vyombo, nije."

Alikuja na kimkoba na kisanduku kidogo cheusi. Viateur alimpokea mlangoni kama fundi anavyompokea fundi mwenzake, yaani kwa heshima na wasiwasi.

"Kabla ya yote," Dauda alisema, "tusiulize mashini inaumwa nini. Tuulize ndani yake mna nini ambacho hatuwezi kukipata tena."

"Harusi," Belise na Thacienne walijibu pamoja.

"Basi harusi itoke kwanza. Hiki kisanduku ni diski ya nje. Tunainakili harusi humu, halafu ndipo tutafute ugonjwa. Nimeona watu wanaanza kufungua mashini, mkono unateleza, kila kitu kinapotea. Wanakuja kwangu wanalia, na mimi sina la kuwapa ila kiti."

Kompyuta ilikuwa imelala usiku kucha, imepoa. Belise akaiwasha. Mwanzoni ilikaa kimya. Akachomeka diski ya nje na kuanza kunakili. Mstari mdogo ukaanza kutembea kwenye kioo, polepole, kama konokono. Haukufika mbali kabla ya sauti kurudi. Vuuu. Krrr.

Thacienne akashika rozari iliyokuwa mfukoni.

"Iko nakufa?" aliuliza.

"Tusikilize. Mzee Viateur, wewe injini ya mtumbwi unaisikilizaje?"

Viateur alishangaa kuulizwa. "Mi nachukua kijiti. Upande moja kwa moteri, upande moja kwa sikio. Kijiti inakuambia ni wapi inauma."

"Ndivyo hivyo. Ila hii usiigandamize kwa kijiti, ina ngozi nyepesi. Tukunje karatasi."

Dauda akakunja karatasi ikawa kama bomba, akampa. Viateur akapiga magoti mbele ya meza. Akaweka sikio upande mmoja wa bomba, akafumba macho. Akaanza kutembeza upande wa pili juu ya kompyuta, taratibu sana.

"Anza hapa mbele, chini ya mkono wa kulia," Dauda akamwelekeza. "Kwa mashini hii ya zamani, hapo ndipo diski ilipo. Diski ni ghala. Kazi zote za Belise zimewekwa humo. Kama hapo panagonga tik, tik, tuna taabu. Unasikia nini?"

Thacienne akaanza kuhesabu shanga za rozari.

"Iko kama nyuki," Viateur alisema. "Nyuki mutulivu. Haigonge."

"Haigongi hata kidogo?"

"Mi masikio yangu iko muzima. Haigonge."

"Hiyo ndiyo habari njema tuliyokuwa tunaitafuta. Sasa sogea nyuma, kushoto."

Viateur akasogeza bomba. Lilipofika pembe ya nyuma, aliruka, akajifuta sikio.

"Yewe. Ni hapa. Hapa iko napiga kelele kama Nyirarukundo akikosa chenji."

Wote wakacheka. Hata Thacienne, ingawa Nyirarukundo ni rafiki yake.

"Hapo ni feni," Dauda alieleza. "Kompyuta ikifanya kazi inapata joto, kama sisi pale kwenye mtaro. Feni inatoa joto nje kupitia vitundu vya ubavuni. Kazi ikizidi, joto linazidi, feni inakimbia zaidi. Belise, ukiandika barua inalia?"

"Hapana. Ni nikikata filamu."

"Umeona? Ni joto. Hiyo vuuu ni feni inakimbia. Lakini krrr maana yake kuna kitu inakigusa. Mama Belise, weka mkono hapa pembeni. Upepo unatoka?"

Thacienne akaweka mkono. Mkono wake ulishika sufu laini ya buluu.

"Nasikia joto. Upepo sisikie."

"Vitundu viko wapi?"

"Viko chini ya..."

Thacienne aliitazama kompyuta. Akatazama vazi lake zuri. Akaondoa mkono polepole, kama mtu aliyekutwa jikoni na mnofu mdomoni.

"Dauda," alisema, "ni mimi."

"Sijasema hivyo."

"Ni heshima tu inakuzuia. Mi niliziba mashini pua."

Viateur akafungua mdomo. Thacienne akamwelekezea kidole kabla hajasema.

"Na we unyamaze. We ulitaka kuinywesha oili."

Walingoja mpaka mstari kwenye kioo ukafika mwisho. Dauda hakuishia hapo. Alimwambia Belise afungue harusi iliyo ndani ya diski ya nje, aangalie mwanzo, katikati na mwisho. "Kunakili bila kuhakikisha ni sawa na kufunga mlango bila kuangalia kama mbuzi yuko ndani," alisema. Mbuzi alikuwa ndani. Akaliza alionekana anatabasamu, nusu amefunikwa na mwavuli. Thacienne aliiachia rozari.

Ndipo Belise akazima kompyuta na kuchomoa waya wa umeme. Thacienne mwenyewe alivua lile vazi, akalikunja akaliweka kando. Dauda akatoa betri. Akafungua parafujo za chini moja moja, akizipanga juu ya sahani kwa mpangilio wake. Alipoinua kifuniko, wote wanne waliinamia ndani, vichwa vikagongana.

Feni ilikuwa ndogo kama kifuniko cha mtungi wa maziwa. Huwezi kusema ilikuwa rangi gani. Vumbi na majivu ya mbabula, lile jiko la makaa, vilikuwa vimeshikana na manyoya ya sufu, vikafanya kama blanketi mbele ya mlango wa hewa. Na kwenye shina la feni uzi mmoja wa buluu ulikuwa umejizungusha, mara nyingi, umekaza.

Viateur akapiga paja.

"Hii mi naijua sasa. Ni hélice, ile pangaboi ya moteri, imekamata wavu. Mutumbwi ikipita juu ya wavu, uzi inaingia kwa hélice, inajizungusha, moteri inalia kama mbuzi. Ukiongeza oili ni bure. Lazima ukate uzi."

"Umesema sawasawa," Dauda alikubali. "Na oili ingekusanya vumbi lote la nyumba hii, au ingeingia penye umeme ikaua kila kitu."

"Mi nilisema tangu jana ni moteri."

"Ulisema mafuta," Thacienne alimkumbusha.

"Nilianza na moteri."

Dauda alimpa Viateur kibanio kidogo chembamba. Mikono ile minene, iliyozoea spana, ikatoa uzi wa buluu taratibu bila kutikisa hata bapa moja la feni. Kisha Dauda akaishika feni kwa ncha ya kijiti cha meno isizunguke ovyo, akapangusa kwa brashi laini na kupuliza vumbi kwa kipulizio cha mpira. Blanketi likatoka zima. Belise alilipiga picha kwa simu. Mama yake akamwambia ajaribu kuituma kwa watu aone.

Walipofunga na kuwasha, Thacienne alidhani haijawaka.

"Imekataa," alisema.

"Imewaka, Mama."

"Mbona haiseme?"

Belise akafungua filamu, akaanza kukata na kuunganisha. Baada ya muda feni ikaanza kupumua, fuu, kama mtu aliyelala vizuri. Thacienne akaweka tena mkono ubavuni. Upepo wa vuguvugu ukampiga kiganja.

"Dauda, sasa tuishi nayo namna gani?"

"Ikifanya kazi, iwekeni juu ya meza ngumu, tupu. Si kitandani, si juu ya mto, si juu ya kitenge mapajani. Isikae karibu na mbabula, moshi na majivu vinaingia. Ukitaka kuifunika, ifunike ikiwa imezimwa na imepoa, na kitambaa kisicho na manyoya. Mara mojamoja ipanguseni vile vitundu kwa brashi kavu."

"Na ikilia tena?"

"Ikilia, msingoje juzi iwe jana na jana iwe leo. Ikivuma, angalieni kama imezibwa. Ikikwaruza, zimeni, mniite. Ikigonga tik, tik, msiizime na kuiwasha mkijaribu bahati. Nakilini kile mnachokipenda mara hiyo hiyo, kisha mzime na kuniita. Lakini Belise, harusi ya mtu isikae mahali pamoja, hata mashini ikiwa nzima. Nakala hapa, nakala kule, ndipo ufute kadi ya kamera."

"Nimesikia, Dauda."

Thacienne alimfungia Dauda sambaza kwenye jani la mgomba. Safari hii hakungoja aombe nyongeza.

Jioni hiyo Belise alimaliza filamu. Nakala moja ikabaki kwenye kompyuta, moja kwenye ile diski aliyoiacha Dauda, moja kwenye flashi ya Akaliza.

Jumapili baada ya misa, sebule ya Nyirarukundo ilijaa mpaka mlangoni. Mukecuru aliwekwa mbele, mguu wa plasta juu ya kigoda. Kompyuta ilikaa juu ya meza tupu, imeunganishwa na televisheni. Akaliza alikuwa amesimama nyuma na mume wake, anauma kucha.

Filamu ikaanza. Msemaji wa upande wa mume alisimama, akaanza kuomba mchumba kwa maneno matamu. Mukecuru akamkatiza palepale.

"Huyu ni nani? Sauti yake haina adabu. Mi ningekuwa pale, asingepewa mutoto."

"Mama, alishapewa," Nyirarukundo alisema.

"Alipewa sababu sikukuwapo." Akamgeukia mume wa Akaliza. "Ng'ombe ya mahari ilikuwa kubwa?"

"Ilikuwa kubwa, mukecuru."

"Nitaiona. Belise, usiikate ng'ombe."

Watu wakacheka, wakapitisha sambaza za kukaanga. Mukecuru aliendelea kubishana na televisheni. Aliwakosoa wacheza ngoma, akasifu viatu vya padri.

Ndipo ikaja picha ya Akaliza akiwa ndani, kabla hajatoka kwa wageni. Alikuwa akiongea chinichini na mtu aliyekuwa akimfunga mshanana, lile vazi la sherehe, begani. Thacienne hakuwahi kuiona sehemu hiyo. Siku ile alikuwa jikoni. Sauti ilikuwa ndogo sana, lakini ndani ya sebule ile iliyonyamaza ilisikika neno kwa neno.

"Wekeni kiti ubavuni mwa Mama," Akaliza alisema kwenye filamu. "Mutu asikikalie. Ni ya mukecuru."

Na kweli, picha iliyofuata ilionyesha safu ya wazee wa familia. Katikati yao kulikuwa na kiti kitupu, na juu yake ua moja.

Machozi yalimtoka mukecuru, akayaacha yatiririke. Nyirarukundo alitaka kumfuta, mukecuru akamsukuma mkono.

"Belise," alisema mwishowe. "Rudisha pale."

Belise akarudisha. Akaliza akasema tena maneno yake. Kiti kitupu kikatokea tena, na ua lake.

Mukecuru akajinyoosha, akaitengeneza nguo yake ya misa mabegani, akakitazama kile kiti.

"Nimefika," akasema. "Sasa endelea."